Ligi yetu ni ngumu, au Simba na Yanga ndio wagumu?

KILA CAF ikitoa orodha ya ubora wa ligi, vijiweni kunawaka moto. Mmoja anasema Tanzania sasa tunakaa meza moja na wakubwa. Mwenzake anamjibu: wakubwa gani, wakati tangu Azam ichukue ubingwa msimu wa 2013/14 kombe halijatoka nje ya Simba na Yanga? Wote wawili wanasema ‘ligi’, ila kila mmoja ana maana yake kichwani. Ndiyo maana ubishi hauishi.

Tuweke hesabu mezani.

Kwanza tuelewane CAF inahesabu nini. Haiangalii mechi hata moja ya Ligi Kuu Bara. Haijali uwanja umejaa au mtupu, wala nani kafunga mabao mangapi. Inaangalia kitu kimoja tu: klabu za nchi husika zimefika wapi kwenye Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho ndani ya misimu mitano.

Bingwa wa Ligi ya Mabingwa anaiingizia nchi yake pointi 6, anayepoteza fainali 5, anayetolewa nusu fainali 4 na robo fainali 3. Aliyemaliza wa tatu kwenye kundi anapata 2, anayeburuza mkia 1. Kwenye Shirikisho kila hatua inapungua pointi moja, isipokuwa wa mwisho kundini anayeondoka na 0.5. Ukitolewa kabla ya makundi, huna chako.

Baada ya hapo pointi zinazidishwa. Za msimu wa karibuni mara 5, za uliotangulia mara 4, zinashuka hivyo hivyo mpaka msimu wa tano nyuma ambao ni mara 1.

Sasa ichukue Tanzania ilivyomaliza msimu wa 2024/25. Simba alicheza fainali ya Shirikisho akafungwa na RS Berkane, hizo ni pointi 4, zidisha kwa 5 unapata 20. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023/24 inampa 12, ya 2022/23 inampa 9. Robo fainali ya Shirikisho 2021/22 ni 4, na ile ya Ligi ya Mabingwa 2020/21 ni 3. Jumla 48.

Yanga naye ana 12 za fainali ya Shirikisho 2023 dhidi ya USM Alger, ana 12 za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024 alipotolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti, na 10 za kumaliza wa tatu kwenye kundi msimu wa 2024/25. Jumla 34.

Ukijumlisha wote unapata 82. Tanzania nzima ilikuwa na 82.5.

Hiyo 0.5 iliyobaki imetoka wapi? Kwa Namungo, waliofika makundi ya Shirikisho msimu wa 2020/21 wakaburuza mkia. Yaani misimu mitano, klabu zote nje ya Msimbazi na Jangwani, mchango wao kwenye ‘ubora wa ligi yetu’ ni nusu pointi. Hapo ndipo ubishi wote ulipolala.

Kuna hoja inapendwa sana: ligi yetu ngumu, mbona Novemba 2024 Yanga alipigwa na Azam, siku chache baadaye Tabora United wakamchapa 3-1? Hoja nzuri ya kijiweni, ila haipimi kitu. Matokeo yale unaweza kuyasoma kwamba Tabora ni wakali, au unaweza kuyasoma kwamba Yanga alikuwa mbovu wiki ile. Timu 16 zikicheza zenyewe kwa zenyewe, ushindi wa mmoja ndio kipigo cha mwenzake. Ligi mbovu kuliko zote Afrika nayo ina siku mkubwa anafungwa na mdogo. Ugumu wa ligi unauona pale timu zake zinapotoka nje, na sio timu mbili tu.

Zikitoka hizo nyingine inakuwaje? Msimu wa 2021/22 Azam alitolewa na Pyramids. Uliofuata Azam akatolewa na Al Akhdar ya Libya, Geita Gold akatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Msimu wa 2023/24 Azam akaishia kwa Bahir Dar Kenema ya Ethiopia kwa penalti, Singida Fountain Gate kwa Future ya Misri. Msimu wa 2024/25 Azam akashindwa mbele ya APR ya Rwanda, Coastal Union akala 3-0 kwa Bravos do Maquis ya Angola, na sare ya marudiano haikumsaidia. Hakuna hata mmoja aliyeona makundi.

Linaloniuma zaidi ni la Biashara United, Oktoba 2021. Waliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 nyumbani, mlango ukawa wazi. Mechi ya marudiano hawakufika Libya, wakatolewa bila kupiga mpira. Timu inaweza kuwa na wachezaji wa kumtoa Mwarabu, halafu ikakwama kwenye safari. Na ugumu wa ligi ni pamoja na hilo: klabu ya nne kwenye msimamo ina uwezo wa kusafiri kama klabu ya kwanza?

Sasa tazama wenzetu. Morocco ndani ya misimu hiyo mitano walibeba makombe ya Afrika kupitia klabu tatu tofauti: Raja, Wydad na Berkane. Misri ukiacha Al Ahly, Zamalek alibeba Shirikisho 2024, Pyramids akabeba Ligi ya Mabingwa 2025, na Al Masry akaisukuma Simba mpaka penalti kwenye robo fainali. Afrika Kusini wana Sundowns na Orlando Pirates, ila Stellenbosch nao walimtoa Zamalek wakafika nusu fainali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Marumo Gallants. Msimu wa 2022/23 walifika nusu fainali ya Shirikisho, Yanga ndiye aliyewatoa. Msimu huo huo walishuka daraja kwao! Timu iliyobaki mkiani mwa ligi yao ilikuwa kati ya nne bora za mashindano yale. Jiulize kwa haki tu: timu yetu iliyoshuka daraja ingefika wapi?

Simaanishi pointi zetu ni za bure. Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Simba na Yanga hawakuota kama uyoga. Wamejengwa na ushindani wao wenyewe, na fedha za udhamini, na mkataba wa haki za televisheni wa zaidi ya Sh225 bilioni kwa miaka 10. Nchi ikiwa na klabu mbili zinazofika robo fainali Afrika kila mara, hicho si kitu kidogo. Ila tukiite kwa jina lake: tuna klabu mbili kubwa ndani ya ligi ambayo bado inazifukuzia.

Kwa nini jambo hili liwe muhimu kwa shabiki? Kwa sababu ya nafasi nne. Nchi 12 za juu zinapeleka timu mbili kila mashindano, nyingine zinapeleka moja moja. Na pointi hizi zinayeyuka. Zile 82.5, msimu mpya ukianza na kila mwaka kusogea nyuma hatua moja, zinabaki 58 kabla hata mpira haujapigwa. Majirani zetu Kenya wanalijua hilo: Gor Mahia walifika robo fainali ya Shirikisho 2018/19, pointi zile zimeshafutika. Simba na Yanga wakiyumba pamoja misimu miwili, tiketi za Azam, Singida na wengine zinakuwa hatarini, na wao hawana akiba ya kujishikilia.

Ndiyo maana msimu wa 2025/26 una maana kuliko watu wanavyodhani. Kwa mara ya kwanza timu zetu zote nne zimeingia makundi. Azam yupo na Wydad, Maniema Union na Nairobi United. Singida Black Stars yupo na CR Belouizdad, Stellenbosch na Otôho. Hata wakimaliza wa mwisho wote wawili, kila mmoja ana 0.5 mara 5, jumla pointi 5. Hiyo pekee ni mara kumi ya kile ambacho klabu zote nje ya wakubwa wawili zilikileta kwenye ile hesabu ya misimu mitano.

Kwa hiyo mtani akikuuliza ligi yetu ipo wapi Afrika, usimtajie Simba wala Yanga. Mwambie aangalie Azam akiwa Casablanca na Singida akiwa Algiers. Wakirudi na pointi mkononi, hapo tutaanza kuongea habari ya ligi.