Lugha ya Fomu na Lugha ya Kinywa

Iko siku moja katika maisha ya kijana wa Tanzania ambapo lugha hugeuka herufi. Ni siku anapojaza fomu ya kuchagua tahasusi za kidato cha tano: H ni Historia, K ni Kiswahili, L ni Kiingereza, F ni Kifaransa. Siku hiyo mzazi wake, aghalabu mkulima wa alizeti au vitunguu ikiwa nyumbani ni Singida, huuliza swali moja tu: ipi itamfikisha chuo kikuu? Swali hilo si la aibu. Aliyeuza magunia kumnunulia mwanawe madaftari ana haki ya kujua njia inaishia wapi. Aibu iko katika jibu analopewa.

Jibu hilo huja kwa sura ya orodha. Mnamo Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, ambazo 49 kati yake zilikuwa mpya, na wahitimu wa kidato cha nne wa mwaka 2023 wakapewa nafasi ya kubadili machaguo yao. Lugha zilipewa kundi lake, na humo Kiarabu, Kifaransa na Kichina viliketi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Orodha ndefu hupendeza macho. Lakini orodha ya vyakula ukutani haijapata kumshibisha mtu, na mkahawa wenye orodha ndefu na jiko baridi haustahili sifa.

Kanuni yenyewe i wazi. Anayetaka tahasusi sharti awe amefaulu masomo yake katika mtihani wa kidato cha nne kwa alama ya A, B au C. Somo lisilofundishwa kidato cha kwanza halifanyiwi mtihani kidato cha nne, na lisilofanyiwa mtihani halichaguliwi. Basi kijana wa kata ya Ikungi au Mkalama ambaye skuli yake haijapata kuona mwalimu wa Kifaransa anaposomewa tahasusi zenye Kifaransa, hapewi uchaguzi; anasomewa majina ya vyombo vilivyokwisha ng'oa nanga. Kwa mtoto wa mjini mkubwa orodha ile ni mlango. Kwa wa Ikungi ni picha ya mlango.

Na wahesabu wanaopenda hesabu wahesabu hii. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari 2026 hufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2029, huingia kidato cha tano katikati ya 2030, hufanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2032, na hubisha hodi chuoni mwishoni mwa mwaka huo. Ni safari ya takriban miaka saba. Mipango ya lugha ya chuo kikuu, kwa hivyo, haianzi na fomu ya kidato cha nne. Siku hiyo zaidi ya nusu ya njia imekwisha. Huanza siku mtoto wa miaka kumi na mitatu anapokaa darasani kwa mara ya kwanza na kusikia kama yuko mtu wa kumfundisha salamu ya kigeni. Anayemshauri kijana juu ya lugha baada ya hapo humshauri msafiri juu ya mzigo wakati jahazi liko katikati ya bahari.

Wapo washauri wa namna mbili, na wote wawili wanapotosha. Wa kwanza ni mwenye pointi. Huyu anajua kwamba mlango wa shahada ya kwanza unataka ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi huipima lugha kama mchele: ipi ina pointi za bei nafuu? Humwambia kijana achague somo lenye washindani wachache, akariri mifano ya mitihani iliyopita, apite. Kijana hupita. Akifika chuoni, anayepaswa kusoma riwaya kwa lugha hiyo hukuta kwamba ana alama ya B na hana lugha.

Wa pili ni mwenye dharau. Kwake yeye lugha ni jaa la walioshindwa sayansi. Mwenye akili aende kwenye fizikia. Aliyebaki apewe herufi za lugha. Huyu amesahau kwamba fizikia yenyewe, katika sekondari za Tanzania, inafundishwa kwa lugha ya kigeni. Wengi wanaohesabiwa kuwa wameshindwa sayansi walishindwa sentensi iliyoibeba. Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la 2023 lililozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imekiacha Kiingereza mahali pake kama lugha ya kufundishia sekondari. Nchi iliyoamua hivyo haina haki ya kumdharau mwalimu wa lugha. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa vyumba vyote.

Msomaji wa visiwani pengine atauliza: haya ya Singida yanatuhusu nini? Visiwani mtoto hukutana na herufi za Kiarabu chuoni kwa mwalimu kabla hajamaliza meno ya utotoni. Tangu 1979 palikuwa na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ile TAKILUKI ambayo baadaye iliingia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kiwengwa na Nungwi wamo vijana wanaobishana kwa Kitaliana bila ya cheti chochote. Lakini ndiyo maana jambo hili linawahusu. Wao ndio mashahidi kwamba lugha huingia kwa sikio na kwa haja, penye mtu wa kusema naye, na kwamba cheti hufuata nyuma kama mkia. Pwani inalijua hilo kwa uzoefu. Inapoona bara inafundishwa kinyume chake, kunyamaza si adabu.

Tena pwani na Singida si wageni. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikata Mgunda Mkali, pori la kiu na miba ambalo leo liko upande wa Manyoni na Itigi. Kiswahili kilipita hapo kwa miguu, mabegani mwa wapagazi, pamoja na vitambaa na chumvi. Hakuna aliyejaza fomu. Leo njia hiyo ni lami. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla yake wakuu wa nchi za Jumuiya walikuwa wameamua Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifaransa, basi, kinalala Singida kila usiku, ndani ya vibanda vya madereva. Mama ntilie anakisikia. Skuli iliyo kando ya barabara hiyohiyo haikifundishi.

Na liko jambo kubwa zaidi ambalo fomu haina kisanduku chake. Sehemu hii ya nchi, Singida pamoja na majirani zake Kondoa na Mbulu, ni miongoni mwa pahala pachache barani Afrika ambapo jamaa za lugha zisizo na undugu huishi ubavu kwa ubavu. Kinyaturu, Kinyiramba na Kiihanzu ni za Kibantu. Kitaturu cha wafugaji ni cha Kinailoti. Kiiraqw ni cha Kikushi. Kihadzabe, chenye vidoko, hakijapata kuonyeshwa ndugu yake kwa ushahidi uliokubaliwa na wote, na baadhi ya Wahadzabe wako wilaya ya Mkalama. Kondoa wako Wasandawe, nao na vidoko vyao. Wataalamu husafiri kutoka Ulaya kuja kusikiliza utajiri huo. Mtoto aliyezaliwa ndani yake huambiwa darasani kwamba hana lugha.

Hebu litazamwe sikio lake. Kinyaturu ni lugha ya toni: maana huchezwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Msemaji wa Kiswahili cha Unguja akianza Kichina hulazimika kujifunza kwamba jambo hilo lipo duniani; Mnyaturu analo tangu mgongoni kwa mama yake, hata kama toni za Kichina zina mpangilio wake mwingine. Mtoto huyohuyo amekua na ngeli nyingi, na kila kivumishi na kitenzi hutii ngeli yake bila ya yeye kufikiri. Kisha anatishwa na Kifaransa chenye jinsi mbili! Mwalimu anayeijua Singida angeanzia hapo: mnacho tayari, tazameni wenzenu wanakifanya vipi. Mwalimu asiyeijua huanza na ukurasa wa kwanza wa kitabu na viboko.

Wapo watakaosema, na hoja yao si nyepesi: watoto hawa hata Kiingereza hawajakimudu, kwa nini waongezewe mzigo? Jibu ni kwamba Kiingereza kimewashinda kwa sababu kimefanywa kuni kabla hakijawa mti. Kimetwishwa kemia na historia mwaka uleule mtoto anapojifunza kusema jana na kesho. Kifaransa au Kiarabu kikifundishwa kama lugha, kwa maelezo ya Kiswahili, bila ya kubebeshwa masomo mengine, huenda kikawa somo la kwanza la kigeni ambalo mtoto ameeleweshwa. Na aliyeelewa lugha moja ya kigeni huacha kuiogopa ya pili.

Swali la mwisho ni la kazi ya lugha baada ya chuo. Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyekutana na Kiingereza baada ya Kizanaki na Kiswahili, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, jamaa zake wa Unguja wengi walikuwa hawajaweza kumsoma kwa lugha yao. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaileta *Paradise*, riwaya ya msafara wa kwenda bara, kwa jina la *Peponi*. Lubumbashi ni mji unaosema Kiswahili sokoni, na Fiston Mwanza Mujila aliyezaliwa huko ameandika riwaya kwa Kifaransa. Kinachomtenga msomaji wa Manyoni na mwenzake huyo si maili. Ni mtu mmoja tu wa kukaa baina ya lugha mbili, na mtu huyo hapatikani kwa kukusanya pointi.

Basi yanayodaiwa ni machache, na hayahitaji orodha mpya. Tahasusi ya lugha isifunguliwe katika mkoa ambao hauna skuli za kidato cha kwanza zinazoilisha. Ichaguliwe lugha moja kwa jirani zake, na kwa skuli za barabara kuu ya Singida Kifaransa kina sababu iliyo wazi. Walimu wapelekwe wawiliwawili, maana mwalimu wa peke yake akihamishwa somo huzikwa siku hiyohiyo. Mzazi aelezwe kidato cha kwanza, kwa Kiswahili, njia yote hadi chuoni. Na mtihani wa lugha umdai kijana alete kitu nyumbani: shairi, barua, hadithi, amfasirie bibi yake aliyeketi uani.

Ikishindikana haya, fomu iseme kweli. Iandikwe juu yake kwamba herufi hizi ni za watoto wa miji michache, ili mkulima wa Ikungi asipoteze jioni nzima chini ya taa akichagua baina ya vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kumpa.