KATAPILA LIKISINDIKIZWA NA BUNDUKI, NANI KASAINI?

Kaa kijiwe chochote hapa Sengerema, uliza vijana silaha nzito ni ipi. Watakutajia kifaru, mzinga, gari la deraya. Wengine watakuchorea na chini kwenye vumbi, maana vita vya Gaza na Ukraine tunaviangalia kwenye simu kuliko tunavyoangalia mpira. Hakuna hata mmoja atakayelitaja katapila. Katapila kwetu ni maendeleo! Likipita, watoto wanalikimbilia.

Basi sikiliza. Jina lenyewe "katapila" tumelichukua kwa kampuni ya Kimarekani, Caterpillar. Mashine yao moja inayoitwa D9 jeshi la Israeli limeivalisha mabamba ya chuma na vioo visivyopenya risasi, mpaka ikapita uzito wa tani 60. Kwa nini? Kwa sababu kifaru mjini ni kipofu. Kwenye uchochoro hakigeuki, mzinga wake haunyanyuki kufika ghorofani, na mtu mmoja mwenye roketi begani anaweza kukimaliza. Hivyo linatangulizwa katapila. Linalipua mabomu yaliyofukiwa, linapanua njia, na nyumba yenye mpiga risasi ndani linaiangusha na yeye humo humo.

Mpaka hapo mwanajeshi atakuambia ni mbinu za vita. Haya. Lakini Aprili 2002, kwenye kambi ya wakimbizi ya Jenin, mtaa mzima ulilazwa chini, nyumba zaidi ya 100. Mwaka uliofuata, 16 Machi 2003, binti wa Kimarekani wa miaka 23, Rachel Corrie, alisimama mbele ya katapila kule Rafah lisivunje nyumba ya watu. Likamuua. Jeshi likasema dereva hakumwona, na mahakama ya Israeli mwaka 2012 ikakubali kuwa ni ajali. Naomba uyashike hayo maneno: dereva hakumwona. Wamarekani wenyewe Februari 1991 walifunga majembe makubwa kwenye vifaru vyao wakawafukia askari wa Iraki ndani ya mahandaki, wengine wakiwa hai.

Usiniambie hayo ni ya Waarabu na Wazungu. Pita Geita, shika njia ya Kakola mpaka Bulyanhulu.

Mwaka 1996 mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini kaka zenu na baba zenu walikuwapo, wengi wao wametoka Sengerema hii hii na sururu begani. Bulyanhulu ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo, maduara kila mahali, mama lishe, maduka, vilabu. Ule ulikuwa mji, usidanganywe na maturubai. Kampuni ya Kahama Mining, mali ya Sutton Resources ya Kanada, ilikuwa na karatasi za eneo hilo. Mwishoni mwa Julai serikali ikawaamuru wachimbaji waondoke. Waziri wa Nishati na Madini wakati huo alikuwa nani? Marehemu Dk. William Shija, mbunge wa Sengerema! Kura zetu ndizo zilizompeleka Dodoma.

Wakaja FFU na bunduki, na makatapila ya kampuni yakaanza kufukia maduara. Mahakama Kuu ya Tabora ikatoa amri ya kusimamisha zoezi, lakini Agosti hiyo hiyo ufukiaji ukaendelea. Wachimbaji wakadai wenzao zaidi ya 50 wamefukiwa wakiwa hai. Serikali ikakana, kampuni ikakana. Mwaka 1999 Barrick wakainunua Sutton, nao wakakana. Ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ilituma watu mwaka 2002, wakasema hawakuona cha kuyathibitisha madai. Wanasheria wa LEAT, akina Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, waliposhikilia uchunguzi ufanyike, walifunguliwa kesi ya uchochezi. Augustine Mrema naye akaunganishwa humo.

Mimi sikuambii walikufa wangapi. Nakuambia kwamba tume huru iliyoombwa, na Amnesty International wakiwamo katika kuiomba, haikuundwa. Kama hakuna mtu mle ndani, hofu ilikuwa ya nini?

Wapo watakaosema dola lazima itumie nguvu. Sawa, tulinganishe. Aprili 1979 vifaru vya JWTZ viliingia Kampala, na nani asiyejivunia? Lakini mbele yao alikuwapo Iddi Amini mwenye vifaru vyake, na Walibya juu. Kila kikosi kilikuwa na kamanda mwenye jina, na kila amri ilikuwa na mwenyewe. Bulyanhulu adui alikuwa nani? Mtu mwenye nyundo na kandili!

Hapo ndipo hatari ya katapila ilipo. Bunduki ya polisi inatoka ghalani kwa saini, na risasi zinahesabiwa. Katapila ni la mkandarasi au la kampuni. Dereva ni kibarua kama wewe, analipwa posho ya siku. Kesho mtu akiuliza, polisi watasema sisi tulilinda amani tu, kampuni itasema tulitekeleza agizo la serikali, na dereva, kama yule wa Rafah, atasema hakuona. Mauaji bila muuaji.

Na mjini je? Oktoba 2025 umeyaona mwenyewe. Jeshi mitaani, watu kutotoka nje usiku kule Dar es Salaam, intaneti imezimwa nchi nzima, vijana wenzetu wameuawa, Mwanza ikiwamo. Safari hii Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, na CHADEMA wakaikataa kwamba si huru. Kuhusu magari ya deraya na washawasha swali langu ni lile lile: nani alisaini yatoke?

Sasa hapa wilayani kwetu kuna mradi wa dhahabu wa Nyanzaga, ambao wenyewe waliamua mwaka 2025 kuujenga. Watu wamehamishwa, fidia zimelipwa. Sisemi kuna aliyefukiwa, wala sisemi mgodi usijengwe, ajira tunazitaka. Ila kijana, siku katapila likija mtaani kwenu na landrova ya polisi nyuma yake, usirushe jiwe, watakumaliza. Toa simu. Piga picha namba ya katapila, namba ya landrova, na sura ya mwenye redio mkononi. Mwombe mtendaji akuonyeshe karatasi ya amri, usome jina la aliyesaini na kama kuna muhuri wa mahakama. Akikataa kukuonyesha, andika saa na tarehe aliyokataa, ulete hapa gazetini.