Filamu bila kukutana



Machi 2020 Korona ilifunga masomo yote ya Kongo. Tarehe 25 Julai mwaka ule ule, watu wa nchi 192 walipiga video za siku yao, kila mmoja kwake, wakazituma, zikaunganishwa kuwa filamu moja, Life in a Day 2020.

Wanafunzi wetu wa Kabambare nao wanaweza, ugonjwa ukirudi au mvua ikikata njia. Mmoja anaandika hadithi, kila mtoto anapiga kipande chake kwao, kisipite dakika moja, telefone ikilazwa upande. Rezo ikikosa, kadi ya memori inapita mkono kwa mkono mpaka kwa yule anayeunganisha.

Shida ninayoiona mimi si rezo. Telefone ni ya baba, na wa kwanza kupewa ni mtoto mwanaume. Binti yuko mtoni, ama anatwanga mihogo; akimaliza, batri imekwisha na jua limezama. Basi katika filamu tunamwona anapita nyuma tu, na ndoo kichwani. Mama, mpe saa moja mchana, kaka yake achote maji siku hiyo. Na mkiketi kuangalia filamu, ulizeni: nani alishika telefone?