VAT haina kazi ndani ya kidhibiti

Leo nina ugomvi mdogo na wanaprogramu wenzangu, na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ya Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Nilikuwa nimetengenezea duka moja la vifaa vya ujenzi ukurasa wa kuagiza bidhaa kwa AngularJS. Kwenye seva nilibadilisha mstari mmoja, kazi ikaisha. Au nilidhani hivyo. Ndani ya kidhibiti, yaani ule msimbo wa JavaScript unaoendesha ukurasa kwenye kivinjari cha mteja, nilikuwa nimeandika 0.16 kwa mkono wangu, tena mara tatu. Hata baada ya kurekebisha, vivinjari vya wateja viliendelea kutumia faili la zamani vilivyokuwa vimelihifadhi. Mwenye duka akanipigia simu: "Kijana, skrini inasema 16, risiti inasema 14. Mteja aamini gani?"

Sikuwa na jibu.

Kiwango kinachoweza kubadilishwa na Bunge hakifai kuandikwa ndani ya kidhibiti. Seva ikijue, iandike kwenye kiolezo cha ukurasa, na kidhibiti kikisome hapo. Mpaka hapa wengi tunakubaliana. Ugomvi wangu ni juu ya namna ya kukisoma.

Wengi wetu tulizoea ng-init kwa sababu ni rahisi: unaandika ng-init="vat=14" kando ya ng-controller, basi. Lakini zikikaa kwenye elementi moja, kidhibiti huamka kwanza na ng-init hufuata. Kidhibiti kikiuliza VAT ni ngapi wakati wa kuanza, kinaambiwa undefined. Nimeona watu wakitibu hilo kwa kungoja nusu sekunde huku wakiomba Mungu.

La pili ni baya zaidi, na sisi Wakenya tunalijua kwa majina yetu. Jaribu kupitisha jina la mteja aitwaye Ng'ang'a. Alama ile ya katikati inafunga maneno kabla ya wakati, na ukurasa unakufa. Utasema seva hugeuza alama hizo kuwa '. Ni kweli, lakini kivinjari huzirudisha zilivyokuwa kabla AngularJS haijazisoma, kwa hiyo hujaokoka. Na kama jina la Ng'ang'a linaweza kuvunja msimbo wako, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuingiza wake. Ng-init haisomi data, inatekeleza amri.

Kwa hiyo mimi namba ndogo naziweka kwenye sifa za data-, kama data-vat="14". Kumbuka tu kwamba kila kitu hapo ni maandishi: "14" ukiijumlisha na 2 utapata 142, na "false" itahesabiwa kuwa kweli. Maandishi ya watu nayaweka kwenye JSON ndani ya script yenye aina application/json, ambayo kivinjari hakiitekelezi. Wanaotumia Django wana json_script tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, nayo hushughulikia alama hatari yenyewe. Stimulus 2.0 ya mwaka 2020 ilileta njia ya kutangaza kama thamani ni namba, maandishi au kweli na si kweli, na mimi naipenda sana. AngularJS yenyewe iliachwa na Google mwanzoni mwa 2022, ila kurasa zake bado zimejaa huku nje na kuna mtu anazitunza. Pole yake.

Halafu jamani, kilichoandikwa kwenye kiolezo kinaonekana na kila mtu. Niliwahi kufungua chanzo cha ukurasa fulani nikakuta siri ya Daraja, ile ya kuunganisha na M-Pesa, imekaa peupe karibu na jina la duka. Si siri tena hiyo. VAT ya kwenye ukurasa nayo ni ya kumwonyesha mteja hesabu tu. Anaweza kuibadilisha iwe sifuri kwa dakika moja, kwa hiyo seva ipige hesabu yake upya kabla ya kutoza.

Kiwango kilirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021. Usiku huo nilibadilisha mstari mmoja kwenye seva nikalala. Mwenye duka hakupiga simu.