Daftari la Chini ya Godoro

Mpenzi msomaji, leo nakuja kwako kutubu. Nilimkosea jirani yangu, tena nilimkosea kwa kalamu, na kwa kuwa kosa lilitendwa kwa kalamu naona ni haki litubiwe kwa kalamu. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, mradi nisimtaje jina.

Tunaishi naye katika mojawapo ya mitaa hii yetu ya Eastlands, ambako maji huja siku mbili kwa juma na kuta ni nyembamba hivi kwamba mtu akipiga chafya kwake wewe unamtakia afya ukiwa kwako. Ana watoto watatu. Zamani alikuwa karani katika kampuni moja mjini, akapunguzwa kazi, na sasa anauza mitumba. Ni mwanamke mpole. Nasema mpole, ingawa nimeanza kulishuku neno hilo. Mara nyingi ni jina zuri tunalompa mwanamke ambaye amenyamazishwa mpaka akazoea.

Katika chama chetu cha kina mama, kila tulipofika kwake tukauliza, "Na wewe wasemaje?", jibu lilikuwa moja tu: "Mimi sina neno. Vile mtakavyoamua." Zamu yake ya kupokea fedha ikiahirishwa, hana neno. Tukimpangia kuleta chai na mandazi mara mbili mfululizo, hana neno. Nasi, Mungu atusamehe, tuliona hilo ni jambo la raha.

Ijumaa moja usiku, stima zikiwa zimepotea mtaa mzima, akabisha mlango wangu. Mkononi alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, jalada limekunjamana.

"Mwalimu, kuna kitu nataka uniangalilie."

"Kazi ya mtoto?"

"La. Ni yangu." Akatazama nyuma kama mtu aliyefuatwa. "Lakini tafadhali, usimwonyeshe mtu. Mimi huliweka chini ya godoro."

Alipoondoka niliwasha mshumaa nikasoma. Ilikuwa hadithi. Mama mmoja anakaanga samaki kando ya barabara kila jioni na kuweka akiba ya karo katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Mumewe, bwana mwenye koti la kijivu, anaugundua mkebe. Mama anaporudi anakuta mtupu. Hasemi kitu. Jioni anatoka kama kawaida, anabandika karai motoni, anatia samaki wa siku nzima, kisha anakaa juu ya debe lake na kuwatazama wakiungua, mmoja baada ya mwingine, huku wateja wakimpigia kelele.

Nakwambia, msomaji, nilikisikia kichwani harufu ya samaki wale. Na nikafanya nini? Nikachukua kalamu nyekundu. Miaka ishirini na ushei ya kufundisha Kiswahili haimtoki mtu kirahisi. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli. Nilikata kila neno la Sheng. Pale mtoto aliposema "mathe" niliandika "mama". Ukurasa ukawa kama umechinjiwa kuku. Chini kabisa nikaandika, "Jitihada nzuri. Zingatia sarufi."

Alipokuja kulichukua alilifungua, akalitazama kwa muda, akasema, "Asante, Mwalimu." Kisha majuma matatu sikumwona ila kwa mbali, kwenye mfereji. Kwenye chama alizidi kuwa kimya, hata lile "sina neno" lilipungua likawa kutikisa kichwa.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu, aliyekuwa amekuja nyumbani kutoka chuoni. Nilimsimulia kisa, nikitaraji anionee huruma. Akaniuliza, "Mama, kwani alikuwa amekuomba maksi?"

Usiku ule sikulala vyema. Nilikuwa nikijiuliza, mtu huyu anayeogopa kuzungumza mbele ya wanawake kumi na wawili anaowajua, aliwezaje kuandika jambo zito namna ile? Nadhani ni kwa sababu karatasi haikatizi. Haikuulizi, "Unasema nini wewe?" Haiendi kukusengenya kwa mama mkwe. Unaweza kurudi nyuma ukafuta, ukaanza tena, na hakuna anayecheka. Zaidi ya hayo, hadithi ya kubuni inakupa buibui la kujifunikia. Si mimi niliyechoma samaki, ni yule mama.

Tena jambo hili si geni kwetu. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili amesikia habari za Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mume akafariki mwaka 1856, naye akabaki mjane, kisha akawa mgonjwa. Mwaka 1858 akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wosia wa karibu beti mia moja. Mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo, alifariki yapata 1860. Wasichana wa siku hizi huusoma utenzi huo na kununa, maana mengi yaliyomo ni jinsi mke anavyopaswa kumtii na kumtunza mumewe. Hata mimi kuna beti ambazo siwezi kumsomea binti yangu bila kukohoa. Lakini mtazame mtungaji. Mjane aliye kitandani, katika karne ya kumi na tisa, anajua hana siku nyingi, na bado anaamini kwamba alichoona yeye duniani kinastahili kuwekwa katika vina na kuhifadhiwa. Hakumwachia shehe amsemee. Na leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, tunabishana naye. Kuna wanaume wengi wa wakati wake ambao hakuna anayebishana nao.

Mwone pia Grace Ogot, aliyefariki mwaka 2015. Alikuwa muuguzi na mkunga. Alipozipeleka hadithi zake za kwanza kwa wachapishaji, alisimulia baadaye, hawakuelewa jinsi mwanamke Mkristo angeweza kuandika mambo ya kafara na dawa za kienyeji. Wangetaka pengine aandike juu ya kufuma vitambaa. Hakuacha. Mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikatoka, naye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapisha riwaya kwa Kiingereza. Hakuridhika na Kiingereza pekee, akaandika na kwa Kijaluo.

Au Margaret Ogola. Huyu alikuwa daktari wa watoto na mama mwenye familia, si mtu aliyekaa akisubiri wakati wa bure. The River and the Source ilitoka mwaka 1994, ikifuata vizazi vya wanawake wa ukoo mmoja kuanzia Akoko wa enzi za kale hadi wajukuu walioko mjini, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kwa upande wa Afrika. Kizazi kizima cha wanafunzi kiliisoma shuleni.

Kwenu wanafunzi mliosoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei au Kigogo ya Pauline Kea, na hata Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, huenda mnaona ni kawaida jina la mwanamke kuwa juu ya jalada la kitabu cha kutahiniwa. Mimi nilipokuwa kidato cha nne, majina tuliyokariri yalikuwa ya kiume matupu. Hatukuambiwa kwamba wanawake hawaandiki. Hapakuwa na haja ya kutuambia.

Kuna na wataalamu waliolichunguza jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1986 huko Marekani, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliandika dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo, wengine kuhusu majonzi makubwa ya maisha yao, wengine kuhusu mambo ya juu juu. Walioandika majonzi walisononeka zaidi mara tu walipomaliza, lakini katika miezi iliyofuata waliokuwa wameeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Wengine wamerudia uchunguzi wa aina hiyo mara nyingi, na si kila mara faida imeonekana kubwa, kwa hivyo usije ukatupa dawa zako za presha ukanunua kalamu. Ila kuna mmoja ulionivutia. Mwaka 1996 wanafunzi wa kike waliombwa waandike habari za masaibu ambayo hayakuwapata kabisa, wayabuni kama ni yao. Nao pia, katika mwezi uliofuata, walihitaji daktari kidogo kuliko walioandika mambo ya kawaida. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule mama wa samaki.

Basi Jumapili baada ya kanisa nilijikaza nikaenda kwa jirani yangu. Nilipeleka daftari jipya na kilo ya sukari, maana kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu.

"Mamangu," nikamwambia, "nilikuja kwa hadithi yako kama askari kanjo kwenye kibanda. Nisamehe. Leo sitaki kuiona. Nisomee."

Alikataa. Nikangoja. Akaenda kuangalia watoto kama wamelala, akarudi, akainua godoro. Alisoma ameinamisha kichwa, kwa sauti ya mtu anayeungama. Wino wangu mwekundu ulimkwaza, mara kwa mara alisimama asijue asome lake au langu. "Soma lako," nikamwambia. Alipofika kwenye karai sauti ilikuwa imepanda mpaka kitinda mimba akaamka akauliza, "Nani anaunguza?" Tulicheka sote wawili, kisha akalia, kisha akamaliza.

Ilichukua miezi miwili kumshawishi asome kwenye chama. Nakuhakikishia sijawahi kuona mkutano kama ule. Kwanza kimya. Halafu katibu wetu akasema mama yule ni mjinga, samaki ni mtaji, mtu hachomi mtaji. Mwingine akajibu kwamba hakuwa na njia nyingine ya kusema. Mama mmoja mzee, mwuza mboga, akasema tu, "Mimi mkebe wangu ulikuwa wa kahawa," akanyamaza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza zaidi. Mabishano yalipopamba moto, jirani yangu akainuka. Akasimama! Akasema, "Ngojeni. Huyu mama ninamjua mimi. Hakuwachoma kwa hasira. Aliwachoma ili mtu amuulize ana nini."

Na alipokuwa amesimama, akaona aongeze kwamba zamu yake imeahirishwa mara mbili na angependa kuipokea mwezi ule. Aliipokea.

Sisemi daftari huponya kila kitu. Mwanamke anayepigwa nyumbani anahitaji kwanza mahali salama, hadithi itamngojea. Wala si kila siri ni ya kusomwa mbele ya chama. Badilisha majina, badilisha mtaa, na umfikirie mtoto wako atakayeisoma kesho. Na kama una rafiki mwalimu, mfiche kalamu zake. Sarufi ina siku yake, na siku hiyo haiwezi kuwa ya kwanza. Binafsi sasa ninamsaidia jirani yangu na ngeli, lakini ni yeye anayekuja kuniuliza, na "mathe" alikataa katakata nisimguse. "Mtoto wa Eastlands hawezi kusema 'mama' namna hiyo, Mwalimu," aliniambia. Ana haki.

Najua unasubiri kuuliza habari za mume. Alilipata daftari mwenyewe, walipokuwa wakitoa godoro nje kwa sababu ya kunguni. Jirani yangu anasema alipomwona amelishika, magoti yalimlegea. Baba watoto alisoma kurasa mbili akiwa amesimama uani, akaja jikoni.

"Huyu mwenye koti la kijivu ni mimi?"

"Wewe una koti la kijivu?"

"Sina."

"Basi soma mpaka mwisho."

Alisoma. Siku mbili hakuzungumza na mtu, na jirani yangu alikuwa ameshapanga nguo za watoto kwenye mfuko, kwa tahadhari. Siku ya tatu, wakila, mume aliweka kijiko chini.

"Huyo mama," akauliza, "karo aliipata?"

"Sijui bado," mke akamjibu. "Sijafika hapo."