Mgonjwa wa Kiharusi Asiharakishwe Kurudi Tunduma

Hoja za wanaotaka wagonjwa waruhusiwe mapema mmezisikia: mgonjwa wa kiharusi akishatoka hatarini, kumbakiza wodini kwa ajili ya utengamao ni kupoteza kitanda na fedha. Ninyi wasomaji mpime.

Kwanza wanasema kazi ya hospitali ni kuokoa maisha. Yanayobaki ni kupumzika. Kweli, uhai hutangulia. Lakini aliyepooza upande akiachwa amelala tu hupata vidonda, hupaliwa hadi chakula kikaingia mapafuni, na damu humganda miguuni. Hayo nayo huua. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 29 na wagonjwa 5,902, yalionyesha kuwa waliotunzwa na timu moja ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa viungo katika wodi za kiharusi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, kurudi kwao na kujitegemea kuliko waliolazwa wodi za kawaida. Anayeipinga wodi hiyo kwa jina la kuokoa maisha anajipinga mwenyewe.

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu: ndugu wafundishwe, wamfanyishe mgonjwa mazoezi nyumbani. Inavutia, maana familia zetu hazitupi mgonjwa. India waliipima. Katika jaribio la ATTEND, lililochapishwa 2017, walishiriki wagonjwa 1,250 wa hospitali 14, na ndugu wa takriban nusu yao walifundishwa. Miezi 6 baadaye, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 upande huu na asilimia 47 upande ule. Sidharau upendo wa ndugu. Ila upendo hauelezi kwa nini bega lililolegea halivutwi wakati wa kumnyanyua mgonjwa.

Tatu, gharama na uhaba wa wataalamu. Hapa wanajikwaa. Punde tu mazoezi yalikuwa mepesi, hata shemeji anayaweza. Sasa yamekuwa ya mabingwa adimu. Wachague moja. Uhaba upo, lakini ndio unaodai wagonjwa wakusanywe pamoja. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyeko hospitalini Vwawa huzungukia vitanda kadhaa asubuhi moja. Akiwafuata wagonjwa majumbani Kamsamba, Itumba na Tunduma, siku itamwishia barabarani nyuma ya foleni ya malori. Na katika hesabu yao ya fedha kitanda kimo, nauli haimo: Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100, kwenda na kurudi kila siku ya kliniki, pamoja na msindikizaji aliyefunga duka.

Nne, eti mgonjwa ni dhaifu, asisumbuliwe. Nusu ya hoja hii ni kweli. Jaribio la AVERT la 2015, lenye wagonjwa 2,104, lilionyesha kuwa mazoezi mengi yaliyoanza ndani ya saa 24 yalipunguza nafasi ya kupona vizuri. Ndiyo sababu anatakiwa mtu wa kupima lini na kiasi gani. Ajabu ni kwamba huyo huyo asiyeweza kuketishwa kitandani, wanamwona anafaa kupakiwa kwenye gari aina ya Noah hadi Tunduma.

Wapo wanaofaa kurudi mapema: wenye kiharusi chepesi, wanaofuatwa nyumbani na timu ya wataalamu. Nionyesheni timu hiyo mtaani kwenu, nami nitanyamaza. Vinginevyo, ndugu mwenye mgonjwa, kabla ya kupokea karatasi ya ruhusa muulize daktari: nani atamfundisha kumeza, kusimama na kutembea, na wapi?