Filamu Mbaya ya Bendi Nzuri: Je, Mpenzi Wake Anyamaze?



Muhula huu kumekuwa na mabishano makali katika bweni letu, na kwa kuwa mabishano hayo yamefika hata kwenye meza za chakula, naona heri niyalete hapa gazetini, mahali ambapo kila mtu aweza kuyasoma kwa utulivu bila kupigiwa kelele. Jambo lenyewe ni hili: mtu aipendaye bendi ya muziki, akiitazama filamu ya onyesho lake akaiona imetengenezwa vibaya, je, ana haki ya kulalamika mbele ya watu, au adabu yataka anyamaze na kushukuru kwa alichopata?

Bendi tunayobishania ni Iron Maiden ya Uingereza. Najua kwamba wazazi wengine wakisoma kwamba habari hii yahusu muziki wa metali, ule wa magitaa ya umeme yenye kunguruma na ngoma za mbio, watatikisa kichwa na kufungua ukurasa wa pili. Tafadhali wasifanye hivyo. Siwaombi waupende muziki huo, wala siwaombi wauvumilie ukipigwa nyumbani. Nawaomba watazame neno lililo chini yake, kwa maana ni neno la muuzaji na mnunuzi, tena ni neno la mtu na kitu akipendacho, na hayo hayana muziki wala kabila.

Kwanza nieleze habari yenyewe. Bendi hii iliundwa London mwaka 1975 na Steve Harris, mpiga gitaa la besi, ambaye mpaka leo ndiye nguzo yake. Mwaka 1999 mwimbaji Bruce Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith, waliokuwa wameiacha bendi kwa miaka kadhaa, walirudi. Hakuondolewa mpiga gitaa yeyote ili Smith apate nafasi, basi bendi ikawa na magitaa matatu ya kuongoza: lake, la Dave Murray na la Janick Gers. Mwaka 2000 wakatoa albamu iitwayo Brave New World, wakaizungusha duniani, na safari hiyo ikaishia Rio de Janeiro, nchi ya Brazil, tarehe 19 Januari, 2001, katika tamasha la Rock in Rio. Watu waliohudhuria usiku ule wanakadiriwa kuwa 250,000. Uwanja wetu mkubwa wa Dar es Salaam wachukua watu 60,000. Ukiujaza mara nne, bado kuna watu 10,000 waliobaki nje ya lango!

Kamera nyingi zilikuwa kazini usiku ule. Mwaka 2002 onyesho likatolewa, kwanza kwa sauti tupu, kisha kwa diski ya picha. Na hapa ndipo mambo yanapoanza. Harris hakuridhika na namna picha zilivyokuwa zimekatwa na kuunganishwa hapo mwanzo, basi akaichukua kazi hiyo mikononi mwake, akaifanya kwa muda wa miezi sita hivi. Wala hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani filamu ya Maiden England ya mwaka 1989, iliyopigwa mjini Birmingham mwezi Novemba, 1988, aliihariri yeye.

Niliitazama filamu hiyo ya Rio likizo iliyopita nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, ambaye anayo diski yake tangu zamani. Sauti ni nzuri sana. Aliyeichanganya ni Kevin Shirley, na kila chombo chasikika mahali pake, na umati ule wasikika kama bahari. Wimbo wa Fear of the Dark ukianza, watu wanaimba hata sauti ya gitaa lenyewe, lisilo na maneno, mpaka mtu aliye peke yake sebuleni asisimkwe na nywele. Lakini macho, ole wao macho! Picha haikai. Waona uso wa Dickinson, mara vidole vya Murray, mara bendera katika umati, mara mguu wa Gers, mara jukwaa zima kutoka mbali, na yote hayo kabla hujavuta pumzi mara mbili. Ukitaka kujua ni nani kati ya wale watatu anayepiga kipande fulani, picha yakuonyesha mkono wake kidogo, kisha yakupeleka kwa mtu mwingine asiyepiga chochote cha ajabu wakati ule, na ukirudishwa kipande kimekwisha. Kwa bendi yenye magitaa matatu, hilo si kosa dogo. Nusu ya hamu ya mtazamaji ni kujua nani afanya nini.

Sasa wapenzi wa bendi walisemaje? Waligawanyika. Wengi walilalamika waziwazi kwamba ukataji ule wa haraka umewaharibia usiku mkubwa kuliko wote katika maisha ya bendi yao. Wengine wakasema, "Ninyi hamna shukrani. Mngekuwa hamna filamu kabisa mngefurahi?" Wengine wakajibu kwamba haraka ile ndiyo inayofanana na muziki wenyewe. Na wako waliokata shauri kuisikiliza tu, wakageuza uso wasiitazame. Mabishano hayo hayajaisha hata leo, na yale ya bweni letu ni tawi tu la mti huo mkubwa.

Mimi nawaunga mkono waliolalamika. Wenzangu wananijibu kwa hoja mbili, nami nitazitazama moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya shukrani. Wasema kwamba Harris ni mwenye bendi, amefanya kazi miezi mingi asiyolazimika kuifanya, na mtu aliyekaa kitako hana ruhusa ya kumkosoa aliyetoa jasho. Hoja hii yanivuta kidogo, kwa kuwa nampenda Harris, tena ni kweli kwamba alijitaabisha. Lakini jasho si kipimo cha kazi. Seremala akikutengenezea kiti kwa mwezi mzima na kiti kikawa na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi, utamwambia nini? Utamheshimu, utamlipa, na utamwambia kwamba kiti chayumba. Usipomwambia, atamtengenezea jirani yako kiti kingine cha namna ile ile. Tena filamu hii haikuwa zawadi. Iliuzwa madukani kwa fedha.

Na sisi tulio mbali tuna neno letu zaidi. Mtu aliyekuwa Rio usiku ule aliliona jukwaa kwa macho yake. Filamu kwake ni ukumbusho tu, na palipo na upungufu atajaziwa na kumbukumbu yake mwenyewe. Mwanafunzi wa huku hana kumbukumbu hiyo. Kwake filamu ndiyo onyesho. Kama picha haikukaa, basi yeye hakuona, wala hakuna mahali pengine pa kwenda kuona. Kwa hiyo asiambiwe kwamba hana haki ya kusema kwa kuwa hakuwapo; yeye ndiye mwenye haki kuliko wote.

Hoja ya pili ni ya akili zaidi, na aliyeitoa ni kijana wa Kidato cha Sita ambaye simtaji jina lake asije akavimba kichwa. Yeye asema kwamba wapenzi wa muziki huu ni watu wasioridhika: kila filamu wataiona mbaya, basi malalamiko yao hayana maana. Namjibu kwa mfano ambao nadhani hawezi kuupita.

Mwaka 1986, tarehe 27 Septemba, Cliff Burton, mpiga besi wa bendi ya Metallica ya Marekani, alifariki katika ajali ya basi huko Sweden, naye ana umri wa miaka 24. Mwaka uliofuata bendi ikatoa video ya kumkumbuka, iitwayo Cliff 'Em All. Ukiitazama kwa jicho la fundi, ni mbaya kupita kiasi. Sehemu kubwa yake ni picha zilizopigwa na wapenzi wenyewe waliokuwa katika umati, wameshika kamera zao za mkononi. Picha zatetemeka, vichwa vya watu vyapita mbele, rangi zimekwajuka, na sauti mahali pengine yapasuka kama redio iliyoishiwa betri. Je, wapenzi waliikataa? La hasha! Waliipenda, na mpaka leo wanaipenda. Kwa nini? Kwa sababu haikujifanya kuwa kitu kingine. Bendi haikuificha asili ya picha zile. Na jambo la pili, aliyeshika kamera alikuwa amesimama mahali pamoja akimtazama Burton kwa sababu alitaka kumtazama Burton. Kamera ni mbovu, lakini jicho limetulia.

Basi si kweli kwamba watu hawa hawaridhiki. Wanavumilia giza, mtetemeko na mikwaruzo. Wasichovumilia ni kunyimwa kuona kitu kilichokuwa mbele ya kamera nzuri.

Tena wanajua kukataa kitu kilichosafishwa kupita kiasi. Mwaka 1979 bendi ya Judas Priest, nayo ya Uingereza, ilitoa albamu ya onyesho la Japani, Unleashed in the East. Ikajulikana baadaye kwamba mwimbaji Rob Halford aliimba upya sauti zake studioni, kwa kuwa zile za jukwaani hazikufaa. Wapenzi wakaibandika albamu hiyo jina la utani, kwamba ilifunguliwa studioni badala ya mashariki. Waliendelea kuinunua hata hivyo, maana ni nzuri, ila hawakukubali kufanywa watoto.

Sitaki kusema kwamba kila kelele ya mashabiki ni hekima. Wako wanaotukana, na mtu akitukana amekwisha kuipoteza kesi yake. Lakini tazama jinsi kazi hii ifanywavyo ikifanywa vizuri. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu Death Magnetic. Sauti yake ilikuwa imebanwa na kupandishwa mpaka ngoma zikawa zakwaruza. Wapenzi hawakusema tu "mbaya". Waligundua kwamba nyimbo zile zile zilizowekwa katika mchezo wa Guitar Hero hazikubanwa kiasi hicho, wakaziweka mbili hizo pamoja, wakaonyesha tofauti kwa michoro ya sauti ambayo hata asiye na sikio la muziki aweza kuiona, kisha watu zaidi ya 10,000 wakatia sahihi kuomba albamu ichanganywe upya. Bendi iliitetea kazi yake. Lakini tangu hapo mtu yeyote azungumzaye habari ya sauti zilizobanwa lazima aitaje albamu hiyo, na mafundi wengi wamejifunza kwayo. Mwalimu wetu wa Fizikia, akipenda, aweza kutufundisha kipindi kizima kwa mfano huo mmoja.

Nami naona kwamba sisi wanafunzi tunayahitaji masomo ya namna hii kuliko tunavyodhani. Walimu na wazazi wataikumbuka video ya mahafali ya karibuni. Mpiga picha alilipwa, na wazazi wakanunua nakala. Ndani yake mgeni rasmi ameonekana vizuri akinywa maji, tena kwa muda mrefu, lakini kwaya, iliyofanya mazoezi tangu mwezi wa pili, imeonekana kwa visogo, na ngonjera imekatwa katikati ya ubeti. Nani aliyesema? Hakuna. Sote tulinong'ona vyumbani mwetu. Tulipoulizwa tulisema ni nzuri, maana tuliogopa kuonekana wakosefu wa adabu mbele ya wakubwa. Mama mmoja alisafiri kutoka mbali kwa ajili ya binti yake mwimbaji, akaenda nyumbani na diski ambayo binti yake hamo. Watu wa Rio hawakunyimwa kiasi hicho, na bado walisema.

Kijana wa Kidato cha Sita ataniuliza: je, malalamiko yale yalimbadilisha Harris? Sijui moyo wa mtu, wala si kazi yangu kuupima. Najua kwamba bendi iliendelea kupiga filamu. Tarehe 10 Aprili, 2011, walipiga katika Uwanja wa Taifa wa Santiago, nchi ya Chile, na filamu hiyo, En Vivo!, ikatolewa mwaka 2012, ikiongozwa na Andy Matthews. Zilitumika kamera 22, pamoja na moja iliyoruka angani. Safari hii kioo mara nyingine kiligawanywa vipande, ili watu kadhaa waonekane kwa pamoja, na wale wapiga gitaa watatu wakapata kuonekana kila mmoja mahali pake.

Kaka yangu hakipendi kioo kilichogawanywa. Asema chamfanya atazame kama mlinzi wa benki. Mimi nakipenda. Filamu hiyo tumeitazama mara tatu, na kila mara tumebishana mpaka mama akatuita kula.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano